Juzuu Niliyoishika Bila Kuisoma

Waliponiletea habari kwamba Mwalimu Bi Zuhura amefariki, nilikuwa nimekaa ukumbini nabangua korosho, na sikunyanyuka. Aliyeleta habari alidhani sijasikia, akarudia kwa sauti kubwa kama anayesema na kiziwi. Nikamwambia, nimesikia mwanangu, masikio hayajambo, yaliyoharibika ni magoti. Akaenda zake. Nikabangua mpaka ungo ukaisha, maana mikono ilikuwa inataka kazi, ndipo nikalia. Wajukuu zangu wakaja mbio. "Bibi, alikuwa nani wako?" Nikasema alikuwa mwalimu wangu. Wakatazamana, mmoja akaziba mdomo. "Bibi, nawe ulisoma?" Nilisoma. Nilisoma nikiwa mtu mzima, na mume, na mtoto, na jiko langu, nikakaa mkekani na watoto wasioota meno ya mbele. Kwa nini nilikwenda, sijapata kumweleza mtu kwa ukamilifu. Aliyeujua mwanzo wake wote alikuwa Bi Zuhura peke yake, na sasa amelazwa chini, basi naueleza mimi.

Mama yangu alikufa masika yalipokuwa yanaanza, Mdachi akiwa bado anakaa Chole na bendera yake, na sisi huku Kirongwe tukimwona mara moja moja tu. Siku ya tatu ikasomwa hitima. Wanaume walikaa nje, wanawake chumba cha ndani, mikeka imetandikwa mpaka kizingitini, joto, udi unafuka, na kutoka uani inakuja harufu ya wali wa nazi na nyama ya mbuzi. Kwa asiyejua, nieleze: msahafu hugawanywa juzuu thelathini, kila juzuu kitabu chake chembamba, na siku ya hitima watu hugawiwa, huyu hii na huyu ile, kila mmoja akaisoma yake kwa sauti ya chini. Zikisomwa zote thelathini, msahafu mzima umesomwa, na thawabu zake anatunukiwa aliyekufa. Moja isiposomwa, hitima haikutimia. Ndiyo mambo yenyewe, hayana zaidi.

Mimi nilikuwa nikihesabiwa katika wanaojua. Aliyenitangaza ni mama mwenyewe. Kila alipokaa barazani lazima aseme, "Mwanangu Mwanahawa amesoma, msahafu kwake ni kama kinu na mchi." Na mimi nilimwacha aseme. Kweli ni kwamba chuoni nilikaa miaka mitatu nikiwa mdogo, nikashika kwa sikio, na nilipovunja ungo nikatiwa ndani, chuo kikaishia hapo. Juzuu ya Amma, ya mwisho, ile ya sura fupi fupi, nilikuwa naijua yote kwa moyo. Yasini pia, kwa kuisikia kila Alhamisi jioni. Lakini herufi nilizijua kama unavyowajua watu wa gulioni: sura zao unazo, majina yao huna. Basi kila penye hitima nilikuwa najiweka karibu na kile kisanduku cha juzuu, nawahi Amma, natia kidole kwenye mstari wowote, natiririka. Watu wakasema, tazama anavyosoma, hata hatazami!

Siku ya hitima ya mama sikuweza kuwahi kitu. Mfiwa nilikuwa mimi, nimekalishwa ndani kabisa, nimeegemezwa ukuta. Juzuu zikapita juu ya vichwa vya watu mpaka ikanifikia moja mapajani. Nikauliza jirani yangu kwa kunong'ona, ipi hii? Akasema, "Wamaliya." Wamaliya ni ya ishirini na tatu, na inaanzia katikati ya Yasini. Nikasema moyoni, afadhali. Nikaanza pale Yasini inaposema wamaliya, nikaenda mpaka mwisho wa sura. Kisha nikafunua ukurasa, na mbele yangu kukawa na kurasa nyingine, na nyingine, na nyingine, zimejaa vijidudu vyeusi, wala sikujua hata kimoja kinalia vipi. Chumba kizima kinavuma. Nikarudi kwenye Yasini. Nikaimaliza, nikafunua kurasa kadhaa, nikarudi tena kwenye Yasini. Wenzangu walipofunga juzuu zao na mimi nikaifunga yangu, nikaibusu, nikaiweka kwenye kipaji cha uso. Dua ikaombwa. Watu wakala. Mimi sikumeza hata tonge moja, na wanawake wakasema, maskini, huzuni ya mama.

Nilikaa siku arobaini na jambo lile. Nikitwanga, lipo. Nikichuja nazi, lipo. Mtu mwingine angejiambia, Mungu anajua nia, akaendelea na maisha yake. Mimi sikuumbwa hivyo. Nilikuwa na kiburi, ninacho mpaka leo, na kiburi changu hakikubali kazi nusu. Mama yangu alitembea Kirongwe nzima akiniringia, na alipokufa, katika juzuu thelathini alizosomewa, moja ndiyo iliyokosa, na aliyeikosesha ni yule yule ambaye mama alikuwa akimringia.

Baada ya arobaini nikaenda kwa Bi Zuhura. Alikuwa mwanamke mweusi mwembamba, mjane, makamo, mwenye sauti ya chini inayokulazimisha usogee. Nilimkuta jikoni anamenya muhogo, chungu kiko mekoni. Jiko lake nalikumbuka mpaka lilivyonukia: moshi wa makumbi ya nazi, na ukuta mmoja umekwanguliwa masizi, kwa kuwa masizi yale ndiyo aliyokuwa akitengenezea wino wa wanafunzi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mwanahawa. Vuta kibao ukae."

Nikakaa. Nikachukua muhogo mmoja nikamenya na mimi, ili nisimtazame usoni. "Mwalimu, nina suala. Hitima ikisomwa, juzuu moja ikakosa, inamfika maiti?"

"Imekosaje? Ilipotea?"

"Haikupotea. Ilishikwa."

Kisu chake kikasimama, kisha kikaendelea. "Siku ile ulisoma Yasini ngapi?"

Nilikuwa nimesahau kwamba yeye ndiye aliyekaa kushoto kwangu.

"Mimi nilihesabu nne na kipande," akasema.

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini, mbele za watu, na wewe umefiwa? Nilikuwa nangoja kama utakuja. Ningekungoja mpaka mwaka, halafu ningekudharau."

Ndivyo alivyokuwa. Nikamwambia, basi nisomee wewe, Mwalimu, leo hii hii, nitakuletea jogoo. Akatia muhogo chunguni, akafuta mikono kwenye kanga. "Naweza kuisoma kabla muhogo huu haujaiva. Lakini mama yako barazani alikuwa anamtaja nani? Zuhura?" Nikainamia muhogo wangu. "Njoo chuoni. Tunaanzia mwisho, tunarudi nyuma, juzuu kwa juzuu. Wamaliya ni ya nane. Ukija na kiburi utaifikia miaka mitatu. Ukikiacha mlangoni, utamsomea mama yako hitima ya mwaka."

"Nitakaa wapi?"

"Mkekani. Sina mahali pa wakubwa."

Jioni ile nilimpakulia mume wangu wali na mchuzi wa samaki wa ng'onda, nikangoja ale nusu ndipo nikasema. Alikuwa mkwezi wa minazi, mtu wa maneno machache, kifua kimechubuka kwa kukumbatia minazi. "Kusoma nini?" akauliza. "Si umesoma?"

"Nimesahau, Baba Mwajuma."

Akatafuna. Sijui kama aliamini. "Haya. Mwajuma atapika. Lakini ukichapwa usije ukanililia. Mimi nilikikimbia chuo kwa kuogopa bakora, nikaona heri kupanda mnazi."

Chuo kilikuwa banda la makuti nyuma ya nyumba ya Bi Zuhura, chini mchanga, juu ya mchanga mkeka mmoja mrefu uliochakaa. Watoto kama kumi na wawili. Siku ya kwanza nilipoingia na ubao wangu wa kuandikia, wakanyamaza wote, wakidhani nimekuja kushitaki mtu. Nikakaa mwisho wa mkeka, magoti yangu yakawa juu kuliko vichwa vyao. Katoto kamoja ka kike, kana pengo la meno mawili ya mbele, kakaniuliza kwa adabu, "Mama Mwajuma, umekuja kumchukua nani?" Bi Zuhura akajibu kwa niaba yangu. "Amekuja kusoma. Tatu, wewe ndiye utakayemwonyesha." Ndiyo kawaida ya chuo, aliyetangulia humwonyesha anayefuata. Tatu alikuwa na miaka saba. Watoto wakaanguka kwa kicheko mpaka bakora ikalia ukutani.

Basi nikaanzishwa alifu. Tatu alikuwa ananishika kidole changu kwa mkono wake unaonata maji ya muwa, ananikokota nacho ubaoni. "Hii be, nukta moja chini. Hii te, mbili juu. Sema." Nikisema, ananitazama kinywani kama anayekagua meno ya punda. Wino wa masizi ulinikaa kwenye kucha siku zote, hata nikikanda unga nilikuwa natazama kama utachafuka. Na kazi za mwalimu nilizifanya kama mwanafunzi yeyote, kuokota kuni, kufagia, na zamu ya kuteka maji. Hiyo ya maji ndiyo iliyoniuma, kwa sababu njia ya kisimani ilipita mbele ya nyumba ya wifi yangu Mwanaidi, dada wa mume wangu, na Mwanaidi hakuwa mtu wa kuachia neno limpite. Ananiona na mtungi kichwani, nyuma yangu mstari wa watoto, anapiga kigelegele. "Wifi! Wenzio tunapeleka watoto chuoni, wewe wajipeleka mwenyewe! Usisahau kurudi kunyonya!" Yeye kwenye hitima alikuwa mtu wa mbele. Alijua kusoma, wote walijua kwamba anajua.

Kisimani nako, nikiwa upande wa pili wa ua wa makuti, nikawasikia wanawake wakinisema.

"Anasoma ili aweze kuzisoma barua za mumewe."

"Mumewe mkwezi, nani amwandikie barua? Minazi?"

"Basi anataka uganga."

"Anataka ualimu. Mtaona, Zuhura akifa atakaa yeye pale."

Nilikuwa nacheka na mimi huko nyuma ya ua, la minazi lilinichekesha kweli, huku machozi yananitoka. Kuwajibu sikuweza. Kila jibu la kweli lilikuwa linamtoa mama yangu kaburini, kumwambia kila mtu kwamba hitima yake ina tundu.

Leo wajukuu wanakwenda shule, wanasoma herufi za Kizungu, wanadhani kigumu ni kujua. Kwangu mimi kigumu kilikuwa kule kujua nusu. Herufi nilizipata mapema kuliko alivyotarajia mwalimu. Taabu ikaja nilipofika kwenye sura ninazozijua kwa moyo. Mdomo ukiona neno la kwanza tu, ulikuwa unaondoka peke yake mbio, kidole kimeachwa mstari wa juu. Bi Zuhura ananigonga kidole kwa ncha ya kalamu ya mwanzi. "Kidole kimelala, mdomo umekimbia. Rudi." Narudi. Mdomo unakimbia tena. Nilikuwa nimejizoesha uongo ule miaka ishirini, na ulikuwa umeingia katika ulimi kama ladha.

Msimu wa korosho, tukiwa tumefika juzuu ya tatu, siku moja nilichoka. Nilikuwa nimeamka na tumbo, nyumbani chumvi imekwisha, na mbele yangu kukawa na aya niliyopata kuisikia mahali. Nikaiachilia. Tatu akaniangalia kidole, akapaza sauti banda zima lisikie, "Mwalimu! Mama Mwajuma anaghibu kwa moyo tu! Hasomi huyu, anadanganya!"

Nikampiga. Kofi, la mkono, si dogo. Mtoto wa watu. Sijui hata kama niliamua. Maneno yale nilikuwa nikiogopa kuyasikia tangu hitima ya mama, na yakatoka kwenye pengo la meno la mtoto wa miaka saba.

Tatu hakulia, alinitazama tu. Bi Zuhura akanyanyuka kwenye kigoda chake, akaja mpaka kwangu. "Hapa mwanafunzi akimpiga mwenziwe anafanywa nini?" akawauliza watoto. Akaniambia, "Mkono." Nikautoa. Mimi, mke wa mtu. Akanichapa bakora moja kiganjani, kwa uzito ule ule anaowachapia wao, akarudi kukaa. "Someni."

Sikusoma. Nikainuka nikaenda nyumbani, nikakaa siku nne. Nikamwambia mume wangu naumwa, akautazama mkono wangu, akakumbuka aliyoniambia, akanipasulia dafu. Siku ya tano asubuhi nikasikia hodi ya sauti ndogo. Tatu, na ubao wangu kichwani.

"Amekutuma Mwalimu?"

"Hakunituma. Leo zamu yako ya maji na yangu, na mimi mtungi peke yangu siwezi."

Nikamwambia, "Tatu mwanangu, niwie radhi." Akasema, "Haya, lakini twende, jua linapanda." Nikachukua mtungi. Tulipopita kwa Mwanaidi alipiga kigelegele chake kama kawaida, na Tatu akamgeukia akamwambia, "Shikamoo," kwa sauti ya mtu anayefunga mlango.

Tangu siku hiyo sikuacha kidole changu kitanguliwe. Nilisoma polepole mpaka watoto wakasinzia. Wamaliya niliifikia mwaka ukiwa umebakiza wiki chache, na ile Yasini yake ndiyo niliyoikawilia kuliko zote, kwa kuwa nilikuwa naisoma kama mtu ambaye hajawahi kuiona. Kisha ikaja Wasafati, sura inayofuata, na kurasa nyingine zile. Vile vijidudu vyeusi vikaanza kulia.

Hitima ya mwaka ikasomwa chumba kile kile. Bi Zuhura akakaa kando ya kisanduku, anazitoa juzuu bila kuzitazama, zinapita mkono kwa mkono. Ikanijia moja, nikaitazama: Amma. Miaka ishirini nilikuwa naisukumia watu kando ili niipate, leo imekuja yenyewe. Nikainua macho nikaona Wamaliya iko kwa mama mmoja wa Ndagoni, mgeni.

"Bibi," nikamwambia, "nipe hiyo, chukua hii."

"Kwani juzuu ina mwenyewe?" Akacheka kwa upole.

Hapo ningeweza kusema chochote. Ningesema naipenda, nimeota ndoto. Chumba kimejaa, wote wananisikiliza, na Bi Zuhura ameshika kifuniko cha sanduku anatazama mikono yake. Nikasema, "Ni yangu. Mwaka jana nilipewa hapa hapa, sikuisoma. Nilisoma Yasini mara nne nikaifunga. Nilikuwa sijui kusoma. Mama yangu alikuwa anawaambia najua, na hakuwaongopea yeye, nilimwongopea mimi."

Mgeni wa Ndagoni akanipa juzuu kwa mikono miwili. Kisha wifi yangu Mwanaidi akaifunga yake taratibu, akaiweka juu ya mkeka, akasema anakwenda uani kutazama wali. Wali ulikuwa umekwisha pakuliwa. Hakurudi, na juzuu yake akaichukua Bi Zuhura akaiunganisha na ya kwake. Sikumcheka. Mwanaidi hakunipigia kigelegele tena mpaka tulipozeeka.

Wenzangu wakamaliza, mmoja mmoja, wakafunga. Mimi nilikuwa sijafika hata nusu. Nikasikia mtu anakohoa, mwingine anasema chakula kinapoa. Bi Zuhura akasema, "Dua haiombwi. Juzuu moja bado." Nikabaki mimi peke yangu, sauti yangu peke yake katika chumba cha mama yangu, kidole mbele, mdomo nyuma. Pale nilipokosea, nilirudi. Nilipomaliza mstari wa mwisho, wali ulikuwa umeganda katika sinia. Niliula wote uliokuwa mbele yangu.

Juzi wakanipeleka kwenye hitima ya Bi Zuhura, nimeshikwa mikono huku na huku. Anayegawa juzuu siku hizi ni Tatu. Ndiye aliyeshika chuo baada ya mwalimu kuchoka, mtu mzima sasa, ana wajukuu, meno ya mbele yameng'oka tena kwa uzee. Hakuniuliza. Alikuja mpaka nilipokaa akaniwekea Wamaliya mapajani. Nikaifunua, nikaiona ukungu mtupu. Macho yangu hayana kazi tena. Na hii juzuu sasa naijua yote kwa moyo, kutoka neno la kwanza hata la mwisho, ningeweza kuitiririsha watu wakashangaa.

Nikaifunga. Nikamwambia, "Tatu, mpe mwingine. Sioni."

Akakaa kando yangu juu ya mkeka, akaifungua tena. Akakishika kidole changu, mkono wake mkavu sasa, haunati kitu, akakiweka chini ya neno la kwanza, akaniambia sikioni herufi zake, moja moja. Tulikuwa wa mwisho kumaliza. Chakula kilipoa, na dua ikatungoja.